Neno la Guled

Minneapolis, Februari

Dada Ebla,

Iliki yako imefika, na theluji bado iko magotini.

Ulinikataza kumchanja binti yangu Filsan surua mpaka aongee. "Huoni kakake Guled? Kachomwa sindano, kapata usonji, kanyamaza!" Nikakusikiliza. Kisha surua ikamlaza hospitali mtoto wa jirani, nikakosa usingizi.

Juzi Filsan katamka neno lake la kwanza: "Buum." Nikacheka, ndiyo lugha gani hiyo? Guled akainuka, akamletea kikombe cha maji. Filsan akayanywa yote.

Dada, ndipo nikaelewa. Hiyo "buum" Guled anaitoa tangu mdogo, nasi tukisema mtoto hana hata neno moja! Filsan kafundishwa kuongea na nani, kama si yeye?

Jumatatu nikampeleka, akachanjwa. Ukitaka kunigombeza, piga simu. Tulipofika nyumbani nikamuuliza anataka nini. Kimya. Nikamuuliza tena. Kimya. Nikayakumbuka maneno yako ya sindano.

Guled akamwinamia. "Buum?"

"Buum," akajibu Filsan.

Safari hii maji nilileta mimi.

Mdogo wako,
Hibo