Mtetezi wa Namba Tatu

Jumamosi, 3 Agosti

Vitabu vya shindano la taifa vimefika maktaba. Vitano, kama kila mwaka. Havijatoka dukani bado. Vimefungwa gamba la kaki, jina la mwandishi hakuna, namba tu. Sisi wasomaji saba wa chumba cha nyuma tuna kura moja ya pamoja katika shindano hilo. Wiki mbili za kusoma na kubishana, halafu tunaamua, na yote tuliyosema huandikwa na kupelekewa waandishi, neno kwa neno. Ndiyo maana mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, hutuonya mapema tuongee kama watu waliolelewa.

Kisha tukaokota vikaratasi kwenye kofia ya mwenzetu kinyozi. Kila kitabu lazima kiwe na mtetezi, na mtetezi hachagui. Ukipata usichokipenda, shauri yako, utakitetea hivyo hivyo. Mwaka jana kinyozi alipangiwa kitabu cha mapenzi cha kurasa mia sita. Alitoka jasho kama mtu aliyeshusha saruji!

Mimi nimeokota namba tatu. Mkunga mstaafu — mama mwenye ulimi wa wembe, tunamwita Mkunga tu — akakipima kwa kiganja. Una bahati, mwanangu, chembamba.

Jumapili, 4 Agosti

Nilifua kwanza, ndipo nikakaa kusoma. Kuna fundi saa. Saa zote za nyumbani kwake ziko mbele dakika kumi ili watoto wasichelewe shule. Zote isipokuwa ya jikoni, kwa sababu mkewe alikataa kudanganywa jikoni kwake.

Nikaweka kitabu chini.

Hiyo ni nyumba yetu! Huyo ni baba, na huyo ni mama, Mungu awarehemu wote wawili. Nimesoma kurasa thelathini nikicheka peke yangu na machozi yananitoka. Mdogo wangu ameandika kitabu. Kimeingia vitano bora vya nchi nzima, na mimi sikujua hata kama anaandika! Tangu maziko ya baba, miaka sita sasa, kwenye simu ni hujambo sijambo, basi.

Nilifurahi. Naliandika kwa sababu ni kweli, nilianza kwa kufurahi.

Kanuni inasema ukimjua mwandishi unajitoa. Nitajitoa Jumamosi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekisoma saa ya chakula hapa kazini posta, nyuma ya rafu ya vifurushi. Sikula.

Fundi saa anaugua. Dada mtu amehamia mji mwingine na kubadilisha namba ya simu, kwa sababu alipomwacha mumewe baba alimwambia asiugonge tena mlango ule. Yote kweli. Mdogo mtu anamwandikia barua: Baba anakuulizia kila asubuhi, njoo. Na barua inapotea. Kurasa nne nzima za jinsi ilivyopotea! Mvua, wino umetapakaa, tarakimu ya mwisho ya sanduku haisomeki, mpanga barua anaitia sanduku la jirani. Dada anafika baada ya maziko. Wanakumbatiana, wanalia.

Kurasa hizo nne ni maneno yangu. Nilimwambia mdogo wangu pale uani baada ya maziko, viti vya kukodi havijarudishwa bado. Nilimweleza kitaalamu, hatua kwa hatua. Mtu wa posta, nani angenibishia? Ameyashika yote, hakuacha kitu.

Barua ilifika. Haya, nimeandika. Barua ilifika, kavu, wino safi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimechanganya mifuko miwili ya barua. Msimamizi kaniuliza kama naumwa. Nikasema jino.

Jumamosi, 10 Agosti

Sikujitoa. Wangeniuliza nimemjuaje mwandishi, ningejibu nini?

Namba mbili na namba tano tumeziondoa haraka. Namba nne mwalimu anaiheshimu, ila hakuna aliyeimaliza, hata yeye nadhani. Zimebaki moja na tatu. Kinyozi anasema namba tatu imemliza mbele ya mteja, mteja akaondoka na nywele upande mmoja. Mwalimu hakucheka. Alisema zile kurasa za mgonjwa anayesikiliza saa zake ukutani ni bora kuliko vyote alivyosoma miaka hii ya karibuni. Nilivimba kichwa, kana kwamba nimeandika mimi.

Ndipo Mkunga akavua miwani. Kitabu hiki kinapumua, akasema, mpaka ukurasa wa tisini. Pale kwenye barua mwandishi ameogopa. Kurasa nne za maelezo kwa kitu kidogo hivyo? Anayesema kweli hajielezi hivyo. Nimekaa na wazazi na wagonjwa miaka arobaini, nimeona ndugu wanaokuja na ndugu wasiokuja. Huyu binti hakutaka kuja, na mwandishi anamfichia. Mimi siwezi kukipigia kura kitabu kinachonidanganya pale penye kidonda.

Halafu kinyozi, bila kujua, akanigeukia. Dada, si wewe mtu wa posta? Tuambie, inawezekana?

Mwalimu ndiye aliyeniokoa. Mtetezi atajibu siku yake, akasema.

Mkunga akipiga kura, wawili humfuata. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua. Jibu langu ndilo litakaloamua.

Jumatano, 14 Agosti

Nikisema inawezekana, sitakuwa nimesema uongo hata kidogo. Barua hupotea. Nimeona kwa macho yangu miaka kumi na tisa. Mkunga ataniamini, mdogo wangu atapata kura, na uongo wangu utashinda pamoja naye, uchapwe, uuzwe, watoto wausome shuleni.

Nikisema haiwezekani, nimemwangusha kwa kosa ambalo ni langu.

Nikisema kweli — kura yangu itafutwa, na hiyo si kitu. Lakini yataandikwa, neno kwa neno, na yeye atasoma. Atajua kwa karatasi ya watu asiowajua.

Na kweli yenyewe ni ndogo, inatia aibu. Nilitaka baba asubiri. Basi! Mimi nilisubiri miezi minane aniite, nikaona na yeye asubiri siku kumi. Nikakata tiketi ya Alhamisi ya wiki ya pili. Nikanunua na viatu. Alikufa Jumatano. Miaka sita najiambia nilikuwa njiani. Sikuwa njiani. Nilikuwa namwadhibu mgonjwa.

Ijumaa, 16 Agosti

Amepiga simu! Foleni ya kaunta imefika mlangoni, nami nikapokea, sijui kwa nini. Sauti yake imekuwa ya baba kabisa. Anasema, Dada, kuna kitu nimeandika, sina ruhusa ya kusema zaidi, nisubiri wiki hizi mbili. Nikamjibu hongera, kama mtu asiyejua kitu. Halafu akasema, Na wewe umo, dada. Usiogope, nimekuandika vizuri.

Nimekuandika vizuri! Nilimkatia simu. Mzee mmoja wa foleni akanipa leso yake, wala hakuuliza. Stempu zake nilimpa pungufu, ikabidi nimkimbilie nje.

Je, aliniamini siku ile? Au alijua, akaamua kunibeba? Tangu mchana nageuza hilo kichwani. Yote mawili yananichoma. La pili zaidi.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandikia hapa hapa maktaba. Tumepewa robo saa.

Kinyozi alitetea namba moja vizuri, sikutarajia. Kisha mimi. Nimeongea dakika kumi nzima — nimesifu saa, nimesifu jiko, nimesifu namna mgonjwa anavyoongea na mtoto wake. Mwalimu akiandika, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipokaa Mkunga akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: Mwanangu, umetetea kila kitu isipokuwa nilichouliza. Barua hiyo, wewe unaiamini?

Nikaomba maji. Mwalimu akasema tupumzike.

Wako barandani, nawasikia. Kinyozi anawaambia mtu wa posta atathibitisha, mtaona. Ananitakia mema, maskini. Naandika mbiombio, mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Nimewaza kitu kibaya, nacho nakiandika. Haya yatakayosemwa, mwalimu atayatia kwenye bahasha Jumatatu na kuyaleta posta. Posta ni mimi. Bahasha itapita mkononi mwangu. Naweza kusema kweli humu ndani, Mkunga ajue mwongo ni mimi, si mwandishi, kitabu kipate kura, halafu bahasha — mvua, wino, sanduku la jirani. Hakuna atakayejua! Nimelifikiria hilo kwa dakika mbili nzima, na nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Ndivyo nilivyo. Mkunga amenisoma bila kunijua.

Wanaingia. Mwalimu amefungua daftari ukurasa mpya. Mkunga amekaa mbele yangu safari hii, si pembeni. Ananiuliza kama niko tayari. Nimemwambia, Bado kidogo, mama, namalizia mstari. Nitaanza na siku yenyewe: ilikuwa Jumatatu, zamu yangu ya asubuhi, na niliutambua mwandiko wake kabla sijasoma jina langu.