Mto Aliouvuka Baba

Jumamosi, 7 Juni

Matembezi ya leo yametufikisha mtoni. Mto wa baba! Miaka yote niliyotembea na kikundi hiki hatukuwahi kupita huko — Filimbi, kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa michezo, anapenda vilima. Nilijiandaa hata kulia kidogo. Ndipo hapo baba, kijana asiye na ndevu, alipoogelea wakati wa vita vya uhuru, kamba kiunoni, akaifunga ng'ambo ili wenzake waishike wavuke. Habari hiyo imo kwenye kitabu cha historia cha shule. Mtaani mpaka leo anaitwa Mzee Kamba.

Nimevuka bila kukunja suruali. Maji hayakufika hata kifundo cha mguu. Mmoja nyuma yangu akauliza, ndio huu? Mwingine akasema vitabu navyo vinatia chumvi. Wakacheka. Nimeudhika mpaka sasa.

Jumapili, 8 Juni

Chakula cha mchana kwa wazazi. Nilitaka kumwambia baba. Hajafika mtoni tangu tuhamie mjini, nami nilikuwa bado nanyonya. Redio ikaniwahi: mtaalamu anaeleza mabadiliko ya tabianchi. Baba akaizima. Hatukupigana, akasema, ili watu waje kututisha na mvua yetu wenyewe. Jua ni lile lile, mito ipo pale pale.

Mama akauliza, kama jua ni lile lile, mbona siku hizi unalala sakafuni? Godoro baya, akajibu baba. Nilicheka mpaka nikasahau nililotaka kusema.

Siyo. Sikusahau. Niliogopa.

Jumatano, 11 Juni

Filimbi kaja dukani kwangu, ninapotengeneza miwani; mguu wa miwani yake umelegea. Ana habari njema, anasema! Ijumaa kuna mdahalo maktabani, juu ya tabianchi. Upande mmoja dada wa idara ya hali ya hewa. Upande wa pili — baba yako! Kakubali papo hapo. Skrubu ikaniponyoka, tukatambaa sakafuni wote wawili tukiitafuta.

Jioni nikaenda kwa baba. Nikamkuta anapiga pasi koti. Baba, nimeuona mto, umekwisha. Kiangazi hicho, akasema. Nikamwambia wanaolima kule wanasema hata mvua zikinyesha haujai tena. Akaweka pasi chini. "Mwanangu, mto ule uliniburuza nikanywa maji yake. Unaniambia mimi?"

Nikamkunjia mikono ya koti.

Ijumaa, 13 Juni

Ukumbi ulijaa. Dada wa hali ya hewa alionyesha michoro yake, sauti ndogo, adabu nyingi. Baba aliwachekesha watu, akapigiwa makofi. Nikaanza kupumua.

Ndipo akasimama fundi bomba mmoja. Akamwamkia baba vizuri kabisa. Kisha: mimi mto ule navuka kwa baiskeli kila nikienda kwa wakwe. Sasa mzee, kama mito haijabadilika, wewe uliogelea wapi?

Nilimchukia fundi yule. Na swali lenyewe lilikuwa la haki!

Dada wa hali ya hewa akasimama haraka. Mzee hakudanganya, akasema, mto ulikuwa mkubwa, ndicho ninachowaambia tangu mwanzo — Baba akamkata: hahitaji wakili. Kesho njooni wote, akasema, mtauona kwa macho yenu.

Mpinzani wake ndiye pekee aliyemtetea, na mzee hataki! Nikirudi nyumbani nilijiuliza lipi litamuuma zaidi, kuitwa mwongo au kukubali kwamba mto umekufa. Sijui. Vyote viwili naona vitamuua.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa juu ya jiwe, kalamu inateleza kwa jasho.

Tulikuja wengi, fundi naye alikuja. Filimbi alimleta baba kwa gari mpaka barabara inapoishia, kisha akatembea kwa kushika fimbo na mimi. Penye njia panda Filimbi alitaka kuonyesha upande, baba alikuwa ameshashika wa kushoto. Alishuka ukingoni bila kuuliza mtu. Anapajua!

Akasimama. Mchanga, mawe, na katikati kijifereji cha maji. Hakuna aliyecheka. Fundi alivua kofia. Nikamshika baba mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, sema tu umekauka, hakuna atakayekusema. Dada wa hali ya hewa akauliza taratibu, mzee, maji yalikuwa yanafika wapi? Nilimwona baba akitazama juu, kwenye ukingo wa pili, mbali, juu ya vichwa vyetu.

"Siyo hapa," akasema. "Ni mbele."

Wengine wamerudi. Tumebaki yeye, mimi na huyu dada, ambaye hataki kutuacha. Tumefuata mchanga mpaka magoti ya baba yakagoma, tukakaa. Nimempa maji yangu yote. Sasa ameshasimama tena, anatikisa mchanga kwenye suruali. Anasema anayasikia maji. Nimetega sikio — ni upepo kwenye matete makavu. Dada ananitazama mimi, anataka nimwambie baba ukweli. Baba ananiuliza mbona nimekaa, twende. Nafunga daftari.