Ni Kweli, au Kwa Reli?

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakusalimu kutoka Tetu nikiwa nimechoka, na ninaomba unisaidie kwa sababu viazi viko tayari shambani na sijui nivipeleke Mombasa kwa lori au kwa treni. Utaona ni jambo dogo, lakini mume wangu Kahiga alipata ajali mwaka jana kwenye barabara hiyo hiyo ya Mombasa, akiendesha lori letu usiku ili awahi soko la asubuhi, akafia hospitalini, na lori likatengenezwa likarudi nyumbani, bado ni la buluu ila mlango wa dereva ni mwekundu kwa maana ulitolewa kwa gari lingine, na kila nikiuona nakumbuka alivyokuwa akiugonga kwa kiganja kuniaga, wala hakuwa mtu wa kusema kwaheri.

Kinachonisumbua ni neno. Tulipokwenda kuchukua mwili wake hospitalini, nesi mmoja wa pwani, msichana mwenye huruma, aliniambia kwamba Kahiga alimwambia, "Mwambie Mama Gathoni, viazi, kweri," naye akadhani ni "kweli" lakini hakujua kweli ya nini, na mimi pia sikujua, mpaka siku moja nikiwa Karatina treni ikapita nikashtuka, kwa sababu sisi wa huku tunasema "kwa reri," na mtu akiwa hana pumzi hayo huwa neno moja.

Theuri, mdogo wake Kahiga, ndiye anayetaka kuendesha lori sasa. Nilipomweleza akasema, "Shemeji, unataka viazi vifike Mombasa vikiwa na ndevu? Behewa likikwama stesheni utalisukuma wewe?" Kisha akasema marehemu alimaanisha biashara hii ni ya kweli, tusiiache. Na si uongo kwamba lori hupakia hapa shambani na kushusha mlangoni kwa mteja. Lakini Theuri ana watoto wadogo na anacheka kama Kahiga. Mteja anangoja jibu. Niambie, marehemu alisema nini?

Wakonyo (Mama Gathoni), Tetu

Mama Gathoni,

Pole sana. Nimemwita mpiga chapa wetu, kijana wa Kerugoya mwenye lafudhi kama yenu, nikamwambia asome "kweli" na "kwa reli" haraka haraka. Amesoma, sote tumecheka, na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Basi na mimi sijui, na wewe hutajua. Liache hilo hapo.

Sasa nikukaripie kidogo. Hujaniuliza habari ya viazi. Unaogopa Theuri atakufa, na badala ya kumwambia hivyo, unamtafuta marehemu akusemee. Kahiga alifanya kazi ya kutosha, mama. Mwache apumzike.

Theuri naye ana haki yake. Treni ni ya polepole, na kiazi kichanga hakiwezi kungoja. Kwa hiyo usichimbe kwanza. Nenda stesheni ya Kiganjo mwenyewe, umuulize mkuu wa stesheni behewa litapatikana lini, na usiondoke na "tutaona." Ukishapewa siku, kata majani ya viazi, uviache udongoni mpaka ngozi ikomae, ndipo uchimbe. Vilivyochubuka kwa jembe uza Nyeri mjini. Mwandikie mteja kwamba mzigo utachelewa kidogo na atume mtu stesheni ya Mombasa kuupokea. Akikataa, muulize kama yuko tayari kumzika dereva mwingine.

Lori usiliuze. Theuri abebe viazi vyenu na vya majirani mpaka Kiganjo, na kabichi, ambazo kweli haziwezi kukaa ndani ya behewa, azipeleke Nairobi mchana. Jioni awe mezani kwake. Kazi hiyo haina sifa ya kusimulia, na atanuna. Mwache anune. Na ule mlango upakwe rangi ya buluu.

Halafu mkalishe chini, umpe chai. Atakuuliza, najua, "Kwani ni Kahiga alisema?" Usimjibu ndiyo, wala usimjibu hapana. Mwambie, "Theuri, ni mimi ninasema."