Vidonge Vilivyofichwa Kwenye Mihogo

Watanipasua macho, Bahati! Docteur amekubali! Sasa nikusalimie, mujukuu wangu wa Kinshasa. Huku Bukavu tuko wazima. Mama yako, binti niliyemuzaa mimi, anafundisha darasa la sita, na hakuna mwalimu anamupita mutaa wote wa Kadutu.

Unauliza kama niligombana na Furaha, muke wa mujomba wako. Ndiyo, na hasira haijanitoka. Alificha vidonge vyangu vya pumu ndani ya kitunga cha mihogo! «Maman, docteur akijua unavimeza miaka yote hii, atakufukuza bila kukupasua. Nyamaza tu.»

Mimi ninyamaze? Nilipokuwa mutoto, homa ilinishika, mama akaninywesha majani ya nyumbani. Kwa dispensaire ya masista akaniminya mukono nisiseme habari ya majani. Sista akaongeza dawa yake, nikalala siku mbili bila kujua mutu. Nilipoamuka, Sista aliniuliza mimi, si mama: «Kinywa ulikuwa nacho. Mbona hukusema?»

Basi nilichimbua vidonge, nikavimwaga mbele ya docteur, na Furaha kando yangu.

«Citoyenne, umefanya vizuri,» docteur akasema. «Pengine ndivyo vilikuletea mutoto wa jicho. Lakini usiviache hata siku moja. Ukiviacha kwa ghafla, mwili unaweza kuanguka palepale kwenye meza ya kupasulia.»

Furaha akaangalia viatu vyake. Mimi nilimuangalia yeye, hata na macho haya ya ukungu!

Wataanza na jicho moja. Nataka nione sura zenu zote, hata ya Furaha. Njooni dimanche ya kwanza ya vacances, masomo yakifungwa, misa ikiisha.

Tate wako