Karoti Haiombi Moto

Mujukuu yangu Furaha,

Hapa Majengo tuko wazima. Dada yako amezaa mutoto mwanaume. Analia hadi majirani wanakuja kuangalia. Nami najivunia wewe, mwenye kusoma mambo ya chakula kule Kinshasa. Unauliza: mboga mbichi na yenye kupikwa, gani inajenga mwili zaidi?

Nilipotoka Kibumba kuolewa, nilijua karoti na kabichi tu. Mama mukwe, mutu wa Butembo, akanipa majani ya muhogo nipike sombe. Nikaitwanga, nikataka kuiondoa motoni ingali kijani, kama kabichi. Akanishika mukono: "Mutoto, sombe mbichi ni sumu! Iache ichemke sana."

Kesho yake nikamupa karoti na kabichi mbichi, zimekatwa nyembamba, ndimu juu. Akatazama jiko. "Makala ya jiko imeisha?"

"Hapana, mama. Hii haiombi moto."

Akala, akaomba tena.

Basi, uliza kila mboga yenyewe. Hata karoti, ukiipika kidogo na mawese, inatoa nguvu yenye ilikuwa inaficha.

Tangu siku hiyo, wageni wakija, mama mukwe aliwaita toka mulangoni: "Ingieni! Leo anapika mutu wa Kibumba. Tumezima jiko!"

Koko yako