Alama Nilizopiga Adams

Jumatatu, 12 Mei

Nimetoka Adams Arcade miguu imejaa tope. Kazi ni ile ile. Kupiga alama za rangi ardhini, wachimba mtaro wajue faiba, ule waya wa intaneti, imelala wapi wasije wakaikata. Hii ya leo inapanda mpaka Upper Hill, hospitali na maofisi. Sheria ni kufungua shimo la nyaya kwanza, uone mdomo wa bomba la faiba unaelekea wapi. Nimeinua mfuniko. Maji hadi juu. Pampu imekufa tangu wiki jana, na mvua ikaanza tena. Nikafuata ramani tu: mita moja na nusu kutoka ukingo wa barabara. Nikapuliza rangi. Nikasaini fomu kwamba shimo limekaguliwa na nyaya zimeonekana. Si mimi wa kwanza kufanya hivyo. Nimechoka, nalala.

Jumanne, 13 Mei

Chai kwa Mama Nekesa, kibandani kwake karibu na steji ya matatu. Mtani huyu. Ameona rangi yangu mbele ya meza yake akaangua kicheko. "Wee Rehema, usiniambie tena nihame! Hii barabara wakiipanua ilikula kibanda yangu mara mbili. Mimi nilikuwa pale, penye hizo gari zinapita."

Nimecheka naye. Kisha nikaiweka chai chini.

Ukingo ulihama. Nimeifungua ramani kwenye simu hapo hapo. Ni ya kabla ya upanuzi. Mimi nimepima kutoka ukingo mpya, na faiba ililazwa kwa kufuata ule wa zamani. Haipo kwenye rangi yangu. Ipo kando ya lami, palepale mtaro utakapopita.

Astaghfirullahi.

Jumatano, 14 Mei

Sijalala.

Nimetumwa Kitisuru, nyumba ya mageti mawili, mwenyewe analalamika sinema zinakwama-kwama. Hawezi kuishi hivi, anasema. Nimembadilishia kifaa cha intaneti. Mimi nawaza Upper Hill. Daktari anasubiri picha ya kichwa cha mgonjwa ifike kwenye kompyuta, na haifiki, kwa sababu Rehema hakutaka kulowa.

Tingatinga linaanza Jumamosi. Nitamwambia Injinia Wafula, msimamizi wangu. Lakini Wafula ndiye aliyenipigania nipate kazi hii, wenzake wakisema mwanamke ataogopa mashimo. Na mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi. Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, sijui nitakuwa mtu gani.

Mama amepiga kutoka Mombasa. Kule Majengo amewatangazia majirani wote kwamba simu za Nairobi nimezishika mimi. "Mbona sauti kavu, mwanangu?" Mafua, nikamwambia. Uongo wa pili huo, na wiki haijafika mwisho.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeingia ofisini maneno nimeyapanga. Kabla sijafungua mdomo, Wafula amenisimamisha mbele ya kikosi kizima. "Muige huyu. Rehema hasaini kitu hajaona na macho yake." Wakanipigia makofi. Makofi! Nilitamani lile shimo la maji linimeze. Nimetoka na maneno yangu vilevile. Mwoga mkubwa mimi.

Saa kumi ujumbe umeingia. Mvua kubwa inakuja, kwa hiyo tingatinga limesogezwa mbele. Kesho saa mbili asubuhi.

Njia ya mwongo fupi. Mama husema hivyo kila mara, nami humjibu ndiyo mama, bila kumsikiliza.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefika saa mbili kasoro, tingatinga linanguruma tayari. Nikakimbia, nikasimama mbele yake. Meno yake yamening'inia juu ya kichwa changu. Dereva akachomoza kichwa. "Madam, toka hapo! Unataka kuniletea kesi?"

"Hizo alama si za kweli. Nimezipiga mimi mwenyewe. Usichimbe!"

Alinitazama kama mwendawazimu. Akazima injini.

Nikampigia Wafula. Nikamweleza yote, maji, pampu, fomu, makofi ya jana, nalia kamasi zinanitoka, Mama Nekesa amenishika bega. Akakata simu. Baada ya nusu saa alikuwa pale. Alichukua sepetu, akanipa ya pili, tukachimba wawili kando ya lami, taratibu, kidogo kidogo. Saa nne bomba likaonekana. Zima, halina mkwaruzo. Hatua mbili kutoka rangi yangu, katikati kabisa ya njia ya mtaro. Nilikaa chini kwenye tope. Alhamdulillahi.

Wafula alipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Waya umeuokoa, Rehema. Lakini fomu ulisaini." Beji yangu nilimpa mwenyewe kabla hajaomba.

Jumapili, 18 Mei

Mvua kutwa. Nimefua rifleta ya kampuni, kile kizibao kinachong'aa, nitairudisha kesho. Ujumbe ulikuja jana: mkataba hauongezwi. Nilijua. Inauma vilevile.

Jioni mama akapiga. Shikamoo, marahaba. Nikasema kabla hajauliza. Hayakuwa mafua, mama. Nilisaini kitu ambacho sikukiona, nusura nikate faiba ya hospitali. Nimesema ukweli na sasa sina kazi. Majirani waambie tu.

Simu ilikuwa safi, nikasikia pumzi zake, na nyuma yake adhana ya magharibi ya msikiti wetu.

"Umekula?"

Bado, mama.

"Basi pakua. Nipo hapa."

Nimeiweka simu mezani bila kuikata, nikapasha wali.