Thelathini na Nane

Honiara, 4 Machi

Kaka Rexley,

Hujambo huko Brisbane? Mama mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua. Mimi mwili mzima, moyo una kidonda.

Gemu la kampuni yenu, Dimba la Dunia, limefika, na mtaa wetu wote wa White River hautoki ndani. Sitasema uongo, ni zuri. Uwanja wetu wa Lawson Tama umo, na kile kilima chake kimejaa watu. Mvua ikinyesha, mpira unakwama kwenye matope kama kweli. Timu yetu ya taifa ya wanawake ya Visiwa vya Solomon imo, na mimi golini, hadi kovu langu la kidevuni.

Ila uwezo wangu ni thelathini na nane kwa mia! Hakuna kipa wa chini kuliko mimi duniani. Hata mpira unaotambaa unanipita. Jana muuza popoo za kutafuna kanipa popoo moja akasema, "Noelyn, ishike kwa mikono miwili, isikuponyoke." Soko zima likaangua kicheko.

Gemu likiisha yanapita majina ya waliolitengeneza. Penye walioandika uwezo wa wachezaji wa Pasifiki nimeona jina lako. Nieleze.

Mdogo wako,
Noelyn


Brisbane, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima.

Namba hizo nimeziandika mimi, na akili zangu timamu. Unaikumbuka safari ya timu ya taifa kwenda Tahiti? Goti langu lililoumia nililificha kwa kila mtu isipokuwa wewe. Ukaenda kumwambia kocha. Nikashushwa kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, begi mkononi, wenzangu wakichungulia madirishani. Sikuitwa tena. Maisha yangu yote nimeichezea nchi mara moja tu, dakika thelathini na nane.

Hizo ndizo nimekupa. Zitunze.

Kaka yako,
Rexley


Honiara, 20 Aprili

Kaka,

Salamu nimezipokea, na Mama nimempa zake.

Daktari alisema ukicheza tena utakuwa kiwete. Ningenyamaza? Msamaha siombi.

Nimelichunguza gemu lako, nami nimeona tundu lake. Piga kona fupi, kisha shuti la chini nguzo ya karibu: kila kipa, hata wa tisini, anarukia upande mwingine. Na refa wenu haoni mtu akivutwa jezi. Mwezi wa saba kuna mashindano ya gemu hili Suva, kule Fiji, na mabosi wako watakaa mstari wa mbele. Nimejiandikisha. Nitachezesha timu yetu, na mimi mwenyewe golini na thelathini na nane zako.

Mdogo wako,
Noelyn


Brisbane, 1 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Nakusihi usiende. Nimekupandisha hadi sabini na moja, utaona kwenye toleo lijalo. Zilikuwa hasira tu. Mabosi wakijua nimepanga namba kwa chuki, nimekwisha.

Kaka yako anayekuomba,
Rexley


Suva, 19 Julai

Kaka,

Natumaini u mzima. Nimeshinda.

Fainali nilikutana na Mfiji mmoja, Sireli, na Brazili yake. Alinifunga manne, yote kwa mikono uliyonipa. Nikamfunga matano, yote kwa ile kona. Ukumbi ukazomea, "Mwizi! Cheza mpira!"

Nikapewa kipaza sauti. Mtangazaji akauliza, "Dada, kwa nini kipa dhaifu namna hii?"

Nikamwambia, "Huyo kipa ni mimi. Namba kaniandikia kaka yangu, kulipa kisasi. Barua yake hii hapa."

Nikaisoma yote, hadi jina lako. Mabosi wako hawakucheka. Nilisikia raha kuliko siku yoyote niliyowahi kudaka penalti.

Mdogo wako,
Noelyn


Honiara, 30 Novemba

Kaka Rexley,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu tangu Suva, na mbili hukuzijibu. Binti wa shangazi kaniambia umefukuzwa, sasa unafungasha nyama kiwandani, umesimama kutwa kwa goti lile. Nilitaka kufurahi. Nilikaa kizingitini nikaingoja hiyo furaha, haikuja.

Mama hajui lolote. Jana amenituma nikuandikie kwamba mihogo ya kupikia pudini ya Krismasi imekomaa, na kitanda chako amekitandika. Nimeandika kama alivyosema.

Ukiamua kutokuja, mwandikie mwenyewe. Mimi nimeshasema ya kutosha juu yako mbele za watu.

Mdogo wako,
Noelyn